Kusomea Usanifu wa Bidhaa za Viwandani



Nilipokuwa Chuo Kikuu niliulizwa mara nyingi, "Unasomea kuchora?" Kuchora ni hatua moja tu. Litazameni jiko la Kenya la bati na udongo, lililoenea tangu miaka ya 1980. Wazo lilitoka katika jiko la ndoo la Thailand, lakini umbo likabadilishwa: kiuno chembamba hushikilia udongo uliochomwa, na kitako kipana hulizuia lisipinduke mama anaposonga ugali. Udongo hutunza joto, na makaa hupungua.

Basi msanifu huanza jikoni, ndipo ashike kalamu, kisha aingie karakana. Nanyi mpendao fizikia na useremala, msikubali kulazimishwa kuacha kimoja. Taaluma hii yataka vyote viwili.