Nyumba Juu, Shamba Bondeni



Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji, sisi tulioko Dar es Salaam tulituma unga na maturubai. Maji yalipopungua, simu zikabadilika. Sasa tunaombwa bati na saruji, nyumba zisimame palepale zilipoanguka.

Hapo ndipo tulipobishana sana katika vikao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mto wetu ukifurika hauhesabu mita 60, unafunika bonde. Aliyejenga mita 70 hajavunja sheria, na bado atalala juu ya paa.

Wala tusiwalaumu walio bondeni. Mwaka 1969, baada ya mafuriko, serikali iliwahamishia watu wetu sehemu za juu. Mashamba ya mlau yalibaki chini, na huko juu maji ya kunywa yakawa shida. Nani asingeshuka?

Kwa hiyo mwaka huu hatuchangii bati la bondeni. Tunachangia kupima viwanja juu na kuchimba visima hukohuko. Atakayeshuka kulima ashuke, dungu la nguzo linamtosha kwa msimu, kama lilivyowatosha babu zetu. Wazee waliobaki kijijini watawaonyesha wapimaji maji yalipofika.

Kadi za michango anazo mweka hazina, pale mlangoni.