SIMU YA MKOPO NA KUHAMA MTANDAO: MAMBO YAMPASAYO MFANYAKAZI KUYAJUA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa elimu ya wafanyakazi. Imechapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimetakiwa na Halmashauri niseme juu ya simu. Huenda wengine wenu mkauliza: chama cha wafanyakazi kina shauri gani na simu? Kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi na hali ya kazi. Jibu langu ni hili. Tuseme chama kimepigania nyongeza ya Shs. 1,500 kwa mwezi na kimeipata. Kisha mwanachama aenda dukani, atia sahihi mkataba wa kulipa Shs. 60 kila siku. Kwa siku 30 hiyo ni Shs. 1,800. Nyongeza yote imekwenda, na Shs. 300 juu yake. Kwa hiyo mshahara hulindwa mahali pawili: pale unapolipwa, na pale unapotumiwa.

Tena simu si pambo. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha wa mfanyakazi. Kibarua huitwa kazini kwa simu, karo ya watoto hulipwa kwa simu, na mzazi aliye mashambani hutumiwa fedha kwa simu. Basi mtu akiweza kuifunga simu yako, amekufunga mikono. Ndiyo maana yafaa tujue masharti yake.

1. MKATABA NI KITU GANI

Wengi wetu twanunua muda wa maongezi kwanza, ndipo tupige simu. Kwa hiyo twadhani hatuna mkataba na mtu. Si kweli. Siku ile uliyoandikisha laini kwa kitambulisho chako, ulikubali masharti ya kampuni. Lakini mkataba huo ni mwepesi: ukichoka, waweza kuiacha laini bila kudaiwa, maadamu hukukopa kitu.

Mkataba wa pili ni wa kulipa mwisho wa mwezi. Hapa unatumia kwanza, kisha unaletewa hesabu. Huu wataka kusomwa, hasa mahali panaposema jinsi ya kuuvunja na siku ngapi utoe habari mbele.

Mkataba wa tatu ndio mzito, nao ndio uliowaingia wafanyakazi wengi: simu ya mkopo, inayolipwa kidogo kidogo kila siku.

2. HESABU YA SIMU YA MKOPO

Kulipia kidogo kidogo si jambo jipya. Wazee wetu walinunua baiskeli na cherehani kwa njia hiyo. Hapa Kenya, taa za nguvu za jua ziliuzwa hivyo kabla ya simu. Julai 2020, Safaricom pamoja na Google walianzisha mpango wa simu ambao mnunuzi alitoa amana ya Shs. 1,000, kisha Shs. 20 kila siku kwa miezi tisa. Hesabuni wenyewe: 20 mara siku 270 ni 5,400, ongeza amana, jumla 6,400. Watu wengi walipata simu ya kisasa kwa mara ya kwanza kwa mipango ya namna hii, na hilo ni jambo jema. Siji hapa kuwaambia kwamba mkopo ni haramu. Ninawaambia mfanye hesabu.

Muuzaji atakutajia bei ya siku, kwa maana bei ya siku haitishi mtu. Shilingi 60 ni kama chai na mandazi. Lakini wewe usihesabu kwa siku, hesabu kwa mwaka. Tuchukue mfano. Amana Shs. 2,000, na Shs. 60 kila siku kwa siku 365. Sitini mara 365 ni 21,900. Jumla Shs. 23,900. Sasa nenda duka la pili uulize simu hiyo hiyo kwa fedha taslimu. Tuseme ni Shs. 14,000. Basi umelipa Shs. 9,900 zaidi ya bei ya simu. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini uliza kwanza kibaba ni cha nani.

Kabla ya kutia sahihi au kidole, muulize muuzaji maswali haya sita, na umtake akuonyeshe jibu lilipoandikwa:

(a) Jumla yote nitakayolipa hata mwisho ni shilingi ngapi?
(b) Nikikosa siku tatu, je, muda unasogezwa mbele tu, au kuna faini?
(c) Nikipata fedha nikalipa deni lote mapema, nitapunguziwa kiasi gani?
(d) Simu ikiibiwa au ikivunjika, deni lamalizika au laendelea? Kuna bima?
(e) Nikirudisha simu, nitarudishiwa kitu?
(f) Nikimaliza, nitapewa hati gani ya kuonyesha kwamba sidaiwi?

Muuzaji akisema, “Usijali, mambo hayo tutayatengeneza baadaye,” mshukuru, uende zako. Yale yasiyoandikwa hayatakusaidia siku ya shauri.

3. KUFULI MBILI

Muuzaji wa baiskeli, mnunuzi asipolipa, alikuwa hana budi kuja nyumbani kuichukua. Muuzaji wa simu hana haja ya safari. Ndani ya simu ya mkopo mna programu ambayo kwa kawaida haiondoki hata ukifuta kila kitu. Siku zako ulizolipia zikiisha, kioo chafunga na kukuonyesha njia ya kulipa tu. Hiyo naiita kufuli ya deni. Inafunguka ukilipa, nayo yapaswa kuondolewa kabisa ukimaliza. Siku ya kumaliza usitoke dukani wala usifute ujumbe wa mwisho mpaka umethibitisha kwamba imeondolewa.

Kufuli ya pili ni ya laini. Simu nyingine zinazouzwa na kampuni ya mtandao hukubali laini za kampuni ile peke yake. Waweza kuwa umelipa kila senti, na bado simu inakataa laini nyingine. Jaribio lake ni rahisi: chukua laini ya rafiki yako wa kampuni nyingine, itie katika simu mbele ya muuzaji. Ikikataa, umejua.

Tena bonyeza *#06# ukaione namba ya simu yenyewe, ambayo ina tarakimu 15. Iandike pamoja na risiti. Namba hiyo ndiyo itakayotambulisha simu yako ikipotea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. KUPANDISHWA SIMU

Siku chache kabla ya deni kumalizika, huja ujumbe: “Hongera, umestahili simu kubwa zaidi, bila amana.” Ndugu, hongera hiyo itazameni vizuri. Mtu aliyekuwa akilipa Shs. 60 kwa siku, mwezi ujao alikuwa awe na Shs. 1,800 zake mwenyewe. Akikubali simu mpya ya Shs. 85 kwa siku, hakupandishwa yeye. Lililopandishwa ni deni.

Jiulize simu ya zamani imeshindwa kazi gani. Ikiwa betri haikai na moto, betri hubadilishwa na fundi kwa gharama ndogo kuliko simu mpya. Ikiwa kioo kimepasuka, pia chatengenezwa. Sababu ya haki ya kubadili ni kama hii: simu haipokei tena marekebisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji, na programu za fedha zimeanza kuikataa. Hapo nunua. Lakini ukinunua kwa sababu ya ujumbe wa hongera, kumbuka wahenga walivyosema: kukopa harusi, kulipa matanga.

5. KUHAMA MTANDAO

Wengi hawajui kwamba tangu Aprili 2011 mtu wa Kenya aweza kuhama kampuni moja kwenda nyingine bila kupoteza namba yake. Waenda kwa ile kampuni unayotaka kuingia, si ile unayotoka. Wachukua kitambulisho, wajaza fomu, nao huwasiliana na kampuni yako ya zamani. Unapewa laini mpya yenye namba ile ile.

Waliotumia njia hii wamekuwa wachache, na sababu yajulikana. Namba inahama, lakini mfuko wa fedha hauhami. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu fanya mambo manne. Kwanza, toa fedha zako zote katika mfuko wa simu na katika akiba iliyofungamana nao. Pili, lipa deni lolote ulilokopa kwa laini ile, liwe la fedha au la muda wa maongezi. Tatu, maliza salio na vifurushi, kwa kuwa havitakufuata. Nne, mpe habari karani wa mishahara, benki, na chama chako cha akiba, wasije wakapeleka fedha mahali usipokuwa.

Wengi wamechagua njia nyingine: simu ya laini mbili. Hiyo nayo si mbaya. Fedha zinakaa huku, maongezi yanapigwa kule penye bei nafuu. Tangu 2018 fedha zaweza kutumwa kutoka mfuko wa kampuni moja hadi mfuko wa kampuni nyingine, kwa hiyo ile hoja ya kwamba “watu wangu wote wako huko” imepungua nguvu.

Kwa nini nalisema hili mbele ya chama? Kwa sababu kampuni hushusha bei zinapoogopa kukupoteza. Mwaka 2010 serikali ilikata ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu zake, kutoka Shs. 4.42 kwa dakika hadi 2.21. Agosti mwaka huo kampuni iliyokuwa ya pili kwa ukubwa ikateremsha bei ya maongezi hadi Shs. 3 kwa dakika, na nyingine nazo zikateremsha. Ada hiyo imeendelea kukatwa, na Machi 2024 ikawa senti 41. Basi mteja asiyeweza kuhama ni kama mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi: hana neno mezani.

6. SHERIA YASEMAJE

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kitu alichonunua, na haki ya kulindwa kiuchumi. Kwa hiyo kuuliza jumla ya bei si ujeuri.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia jamaa na rafiki zake walio katika simu yake ili kumwaibisha. Ukitendewa hivyo, hifadhi ujumbe ule, uulete ofisini kwetu.

Na mwajiri akikubali kukata fedha za simu katika mshahara, kumbukeni Sheria ya Kazi ya 2007: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Mkiwa na malalamiko juu ya kampuni ya mtandao, andikeni kwanza kwa kampuni yenyewe mkachukue namba ya lalamiko. Wasipojibu vema, nendeni kwa Mamlaka ya Mawasiliano na namba hiyo mkononi.

7. TUFANYE NINI

Mtu mmoja mbele ya mkataba ni mnyonge. Watu arobaini wana nguvu. Rudini katika ule mfano wa simu ya Shs. 14,000. Tuseme mwanachama amekopa fedha hizo katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, akalipa kwa miezi 12. Riba yote ni Shs. 910. Jumla Shs. 14,910, ndiyo kama Shs. 41 kwa siku badala ya 60, bila amana na bila kufuli. Akiba yake dhidi ya mkopo wa dukani ni Shs. 8,990.

Kwa hiyo naleta shauri hili. Kila tawi liwe na mtu mmoja wa kusoma mikataba pamoja na mwanachama kabla hajatia sahihi. Na wale wanaotaka simu mwaka huu waandike majina, tukaulize bei ya jumla kwa fedha taslimu.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Ndugu yangu alichukua simu ya mkopo kwa kitambulisho changu, naye hajalipa. Nani mdaiwa?
Jibu: Ni wewe. Mkataba unafuata jina lililoandikwa. Usimpe mtu kitambulisho kwa jambo hili, hata kama mmezaliwa tumbo moja.

Swali: Fundi wa mtaani asema aweza kuivunja kufuli ya deni kwa fedha kidogo. Je, nikubali?
Jibu: Hapana. Deni halifi kwa sababu kufuli imevunjwa. Litabaki juu ya jina lako na kukuzuia kukopa mahali pengine. Tena utakuwa umemkabidhi mtu usiyemjua mfuko wako wa fedha.

Swali: Nimekwisha tia sahihi nikiwa sikuuliza yote hayo. Sasa?
Jibu: Enda kesho ukaulize lile swali la tatu, la kulipa mapema. Kisha njoo ofisini na karatasi zako, tutazame pamoja.

Umoja ni nguvu.