PRESHA HAINA KELELE
(Mazungumzo kwa wanachama, siku ya mkutano wa ushirika, Ruanda)



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo na kupigana na mbu. Adui yule tulimwona kwa macho. Leo tunazungumza juu ya adui asiyeonekana, na mara nyingi hata haumi: shinikizo la damu, yaani presha. Utafiti uliofanyika nchini mwaka 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 anayo.

Wapo wanaosema presha ni damu kuwa nyingi mwilini. Siyo hivyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kwa dakika hiyo husukuma kama lita 5 za damu. Damu inatoka kwa mishipa ya kupeleka, yenye kuta nene, mpaka kwenye vimishipa vyembamba. Vimishipa hivi vikijibana, njia inakuwa finyu na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Sisi wa milimani tunajua habari ya maji ya bomba. Koki za bondeni zikifungwa, msukumo unapanda ndani ya bomba, na bomba lililochakaa linapasuka. Ndivyo mshipa wa kichwani unavyoweza kupasuka, au ukaziba, mtu akapata kiharusi. Figo na macho navyo huharibika taratibu.

Sasa tuitazame safari ya kurudi. Mishipa ya kurudisha damu ni kama ile tunayoiona mgongoni mwa mkono. Teremsha mkono, inajaa. Uinue juu ya kichwa, inanywea. Humo msukumo ni mdogo. Ndiyo maana ile ya miguuni ina vilango vinavyofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi chini, na mashavu ya miguu yanaisukuma tunapotembea. Lakini moyo uliochoshwa na presha ya miaka mingi hauwezi kuipokea damu yote inayorudi. Damu inangoja, maji yanavuja nje ya mishipa, miguu inavimba. Mtu huyo tusimwambie amenenepa. Apelekwe akapimwe.

Ndugu zetu, linalotusumbua zaidi ni hili: mtu anapewa vidonge, baada ya wiki chache anajisikia vizuri, anasema "Mie nimepona, bwana," anaacha. Mwingine anaruka siku ili vidonge vifike msimu wa kahawa. Presha inapanda tena kimya kimya. Kidonge kinashusha presha siku unazokimeza, hakiing'oi. Kuokoa hela ya dawa ni hasara, maana mkono uliopooza hauchumi kahawa wala haulimi ngoro.

Basi tukubaliane haya:

1. Kila mtu mzima akapimwe, hata kama haumwi. Ukae umetulia dakika 5 kwanza. Namba ya juu ni msukumo moyo unapopiga, ya chini ni msukumo moyo unapopumzika. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbalimbali, hiyo ni presha.

2. Chumvi ya mtu kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Samaki wa chumvi kutoka ziwani waloweke, umwage maji, ndipo upike.

3. Tupunguze pombe, tuache tumbaku, tule mboga na maharage.

4. Usiache dawa bila kuambiwa na mganga wa zahanati. Ikikuletea taabu, mwambie akubadilishie. Kupigwa chuku si badala ya dawa.

5. Mama mjamzito anayeumwa sana kichwa, anayeona maruerue au kuvimba uso na mikono, apelekwe upesi.

6. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hiyo ni dharura. Tusingoje asubuhi. Majirani watafute usafiri saa ileile, mgonjwa afikishwe hospitali, Litembo au Mbinga mjini.

Mwenye mzee nyumbani asiyesoma, amsomee ukuta huu.

Mtu ni afya!