Mtu Anaposhtakiwa Wizi kwa Mara ya Kwanza

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari ya mtu anayeshtakiwa kwa mara ya kwanza kuwa ameiba kitu kidogo: kuku, baiskeli, au shilingi chache za dukani. Wengi hudhani kwamba mali ikiwa ndogo na kosa ni dogo. Sheria ya Tanzania Bara haisemi hivyo. Katika Kanuni ya Adhabu, upeo wa adhabu ya wizi wa kawaida ni kifungo cha miaka 7, na mtumishi aliyemwibia tajiri wake aweza kufika miaka 10. Ni kweli kwamba Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi nyingi za namna hii husikilizwa, kwa kawaida haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12. Lakini miezi 12 kwa ajili ya kuku si michache, ndugu zetu.

Hatari kubwa iko katika neno la kwanza. Shtaka husomwa, kisha mshtakiwa huulizwa: ni kweli au si kweli? Ndugu yetu, kwa hofu na aibu, hujibu, "Ni kweli, nilichukua." Anadhani akiinamisha kichwa ataachiliwa upesi arudi kwa watoto wake. Lakini kuchukua si kuiba. Mwizi ni yule aliyechukua kwa hila, pasipo kuamini kuwa ana haki juu ya kitu kile. Mtu aliyechukua baiskeli ya marehemu baba yake, akiamini kwa moyo safi kuwa ni urithi wake, kisha akashtakiwa na baba yake mdogo, huyo anayo hoja kubwa. Na aseme waziwazi, "Nilichukua, lakini nikiamini ni yangu." Jibu hilo si kukiri. Hakimu hana budi kuandika kuwa amekana, na mashahidi waitwe. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililieleza jambo hili mwaka 1973 katika kesi ya Adan: shtaka lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha habari za kosa zisomwe naye aulizwe tena.

Hapa tuna neno kwa watunza fedha wetu wa matawi, nao wasikasirike. Kwa habari ya fedha, sheria ni kali kuliko desturi yetu. Anayetumia ada za wanachama apendavyo, hata kama ana nia ya kuzirudisha mwisho wa mwezi, nia hiyo haimwokoi. Kuzirudisha kwaweza kumpunguzia adhabu, hakufuti kosa.

Aliyekamatwa na polisi bila hati, asipopewa dhamana, yapasa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Dhamana hainunuliwi. Anayedai fedha mkononi ili aitoe, huyo naye anafanya kosa.

Je, akionekana ana hatia? Hapo ndipo kosa la kwanza linapomsaidia, lakini lazima yeye au jamaa zake waseme: umri wake, watoto wake, kwamba hajapata kuhukumiwa. Hakimu aweza kumwachilia kwa sharti asifanye kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12. Aweza kumweka chini ya uangalizi, ama, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kumpa kazi ya kutumikia umma badala ya jela.

Tofauti hiyo si ya siku za jela peke yake. Katiba ya 1977 inamzuia kugombea ubunge mtu aliyepewa kifungo kinachozidi miezi 6 kwa kosa la utovu wa uaminifu, na wizi ni kosa la namna hiyo. Basi kijana wetu hodari, msemaji mzuri wa mikutano, aweza kuzuiwa kwa sababu ya jibu alilolitoa asubuhi moja bila kulifikiri.

Anayetoka Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Lakini aliyekiri kosa hasikilizwi tena juu ya hatia yake, ila juu ya adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kuwa kukiri kule hakukuwa kukiri.

Sasa tuko tayari kupokea maswali yenu.