Mtihani Wenye Magurudumu



Huko Florida, Marekani, kwenye kituo cha anga cha Kennedy, kuna mashindano ya wanafunzi wa uhandisi wa vyuo vikuu yanayoitwa Lunabotics. Shirika la NASA liliyaanzisha mwaka 2010. Wanajaza uwanja mdogo kwa vumbi la mawe lililosagwa mpaka likafanana na vumbi la mwezini, laini, linaloingia katika kila tundu. Kila timu inaleta roboti iliyoiunda yenyewe. Roboti inashushwa humo ndani, inachimba, inabeba, inakwenda kumwaga mzigo mahali palipopangwa. Dakika zinahesabiwa. Na wenye roboti hawapo pale: wamefungiwa chumba kingine, wanaona kile tu ambacho kamera zinawaonyesha. Gurudumu likizama, hakuna wa kukimbia kulinyanyua.

Alama zake ndizo zilizonivutia. Roboti nzito inakatwa alama, maana kupeleka kilo moja mwezini ni fedha nyingi. Inayotumia data nyingi kuwasiliana na wenyewe inakatwa pia. Kule NASA, wasikilizaji, mtu anapoteza alama kwa kumaliza mega! Inayojiendesha bila kuongozwa na mtu inaongezewa. Sababu iko wazi. Ujumbe wa redio kutoka huku duniani hadi sayari ya Mars huchukua dakika 3 sayari zikiwa karibu, na hufika 22 zikiwa mbali. Roboti ikiuliza, «Mbele kuna shimo, nifanye nini?», jibu litaikuta imeshatumbukia.

Mnajua wapi hali hiyo ipo kila wiki. Boti imetoka hapa Baraka kwenda Kalemie, injini inazimika katikati ya ziwa, mtandao hakuna, abiria wanaanza kusali. Fundi aliye ndani ya boti ana bisibisi moja, kamba, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ndivyo vifaa vyake vyote. Mtihani anaofanyiwa pale ni ule wa Florida, isipokuwa wa Florida hauzamishi mtu.

Sisemi kwamba umaskini ni shule. Nimechoka na wageni wanaotusifu kwa kuunga nyaya zilizokatika, halafu wanapanda gari zao zenye nyaya nzima. Ninachosema ni kwamba mtihani wa aina hiyo, wa mashine inayosimamishwa mbele ya watu ikaambiwa «haya, fanya», vyuo vyetu vinautoa mara chache mno. Kijana wetu anasoma elektroniki miaka kadhaa. Ananunua silabasi. Anakariri mchoro wa mota ambayo hajawahi kuifungua. Mwisho anaandika memwari, anavaa suti, anaitetea mbele ya jopo, familia inapiga vigelegele, soda zinafunguliwa. Karatasi haikwami mchangani. Jopo likiuliza swali gumu, mwenye maneno mazuri anapita. Mimi mwenyewe nimepita kwa njia hiyo katika masomo mengine, na maneno ndiyo yananilisha hadi leo hapa redioni, kwa hiyo siyadharau. Ila pampu ya maji haisikii maneno.

Nchi yetu si ngeni kwa habari za anga. Mwaka 1975 serikali ya Mobutu iliingia mkataba na kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ikaipa ardhi ya Shaba, sehemu za mto Luvua, ipatayo kilomita za mraba 100,000. Kivu Kusini nzima, kuanzia Kalehe hadi huku kwetu Fizi, ina kama 65,000 tu. Mwenye kampuni, Lutz Kayser, alikuwa na wazo la maana la kihandisi: badala ya roketi moja ghali, afunge pamoja mabomba mengi rahisi, yanayofanana, ya kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977, ya pili Mei 1978, zote salama. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe na wageni wake. Ikanyanyuka, ikainama, ikaanguka bondeni.

Mtihani mbele ya watu ndivyo ulivyo. Mwaka uliofuata kampuni iliambiwa ifungashe, ingawa wengi wanaoijua habari hiyo wanasema Moscow na Paris zilisukuma zaidi kuliko ile roketi iliyoanguka. Wajerumani wakaenda Libya. Ninachojiuliza mimi ni kingine: katika ardhi kubwa kupita jimbo letu, ni vijana wangapi wa Kongo walioachwa na ujuzi wa kuunga bomba moja la roketi? Tulikuwa wenye uwanja. 

Miaka thelathini baadaye akaja mwenyeji. Jean-Patrice Keka alianza kurusha roketi zake Menkao, nje ya Kinshasa, akiziita Troposphère. Ile ya tano, mwaka 2009, ilibeba panya. Iliondoka kwa kishindo, ikapoteza mwelekeo, ikaanguka, na panya akafa. Video ile ilizunguka dunia nzima na watu wakacheka sana. Wakongo tulicheka kuliko wote. Lakini ya Kayser nayo iliinama mbele ya rais, na vitabu vya historia ya anga vinaiandika kwa heshima kama jaribio. Ya Keka tumeiweka kwenye simu kama kichekesho.

Yuko pia mama mmoja ambaye hatukumcheka. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wanawake wenzake wa Women Technology waliweka roboti za kuongoza magari katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013. Ni midude mirefu ya alumini, ina kamera, inatumia umeme wa jua. Mabishano yalikuwepo, kama taa za kawaida zisingetosha, kama bei yake ni halali. Hata hivyo kila dereva wa teksi alikuwa jopo lake, mchana kutwa, kwenye jua, na roboti ilipaswa kuinua mkono.

Sasa kijana wa hapa akitaka kushindana na wa Florida, atapita wapi? Kwa Lunabotics hapiti. Miaka ya mwanzo walikuja wanafunzi wa nchi nyingine, Bangladesh na India wakiwemo, halafu mlango ukafungwa, vikabaki vyuo vya Marekani. Na hata penye mlango wazi, roboti yako inapimwa ubalozini kabla ya kupimwa uwanjani. Mwaka 2017 kulikuwa na mashindano ya roboti ya vijana wa sekondari mjini Washington, nchi zaidi ya mia moja. Wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili, wakaipata dakika za mwisho. Timu ya majirani zetu wa Burundi ilifika vizuri, ikacheza, na siku ya kufunga vijana wote sita wakatoweka. Wawili walionekana wakivuka kwenda Kanada. Waburundi waliokimbilia Lusenda, hapa kwetu Fizi, kuanzia 2015 wanaelewa kwa nini kijana wa Burundi wa wakati ule angeona mashindano kama mlango wa kutokea. Siwahukumu. Lakini afisa wa viza naye huwa anakumbuka.

Kuna njia isiyohitaji ndege. Mwaka 2020 Wajapani walianzisha mashindano ya kuandika programu za Astrobee, roboti za mraba, kila upande kama sentimita 30, zinazoelea ndani ya kituo cha kimataifa cha anga zikisukumwa na feni. Ziko tatu na zina majina: Bumble, Honey na Queen. Mwaka wa kwanza wanafunzi walipewa kisa: kimondo kimetoboa kituo, hewa inavuja, andika programu itakayoipeleka roboti mahali penye tundu, isome alama, ipige mwali wa leza palepale. Unajaribu kwenye kompyuta yako. Walioshinda katika nchi zao, programu zao zinaendeshwa huko juu, kwenye roboti yenyewe. Nchi nyingi zinazoshiriki ni za Asia na Pasifiki, kwa hiyo mlango haujawa wetu. Nawaomba wakuu wa vyuo wabishe hodi. Kituo chenyewe kinazunguka kwenye kimo cha kilomita kama 400. Kinapopita juu ya ziwa letu, kiko karibu nasi kuliko Lubumbashi.

Kubisha hodi hulipa. Mwaka 2015 Wajapani hao na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya anga walitangaza nafasi ya kurushiwa setilaiti ndogo bure, na mwaka 2016 wakachagua Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya vyuo vyote. Tarehe 11 Mei 2018 kijisanduku chao cha sentimita kumi kila upande kikaachiliwa kutoka kituoni. Kenya yote ikawa na setilaiti yake ya kwanza kupitia kitivo cha uhandisi.

Najua atakayepiga simu. Atasema: watu wanakimbia vita, daraja limekatika tena kwenye njia ya Uvira, na wewe unatuletea vumbi la mwezi. Ana haki ya kukasirika. Nitamjibu kwa kipindupindu, ambacho hapa Baraka si mgeni. Maji safi yanataka pampu, pampu inataka mtu wa kuifufua usiku, kipuri hakipo, na barabara anayoitaja imekatika. Mtu huyo namtaka awe ameshafeli mara kadhaa kwenye mashine zisizoua, mbele za watu, kabla hajakabidhiwa ile inayoua ikisimama.

Kwa hiyo napendekeza mashindano yetu, hapa ufukweni. Mchanga upo. Roboti isizidi kilo kumi, itoke kwenye vyuma tulivyonavyo: mota za waipa, mashine za kuchapa zilizokufa, betri ya pikipiki. Ichimbe ndoo moja ya mchanga na kuimwaga upande wa pili, mwendeshaji akiwa nyuma ya turubai na simu yenye kamera mkononi. Iwe Julai, kiangazi, wanafunzi wakiwa nyumbani. Maprofesa waketi kwenye jopo, na pembeni yao waketi mafundi wa gereji na wa boti wenye haki sawa ya kutoa alama. Nimekwisha kuongea na mafundi wawili wa pale bandarini. Walitaka kujua jambo moja tu: roboti ikikwama, mhandisi ataruhusiwa kuigusa? Nikawaambia haruhusiwi. Wamesema watakuja.