Mtoto Aliye Mkekani



Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Bwana anatusimulia habari za mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane, naye akakataa kuamka, kwa kuwa watoto wake walikwisha kulala pamoja naye.

Nasi hapa Nanyala, Mungu akitujalia mavuno, huongeza chumba cha watoto: wavulana huku, wasichana kule. Ni jambo jema. Lakini tuingie humo usiku, taa mkononi. Nani yuko kitandani, chini ya chandarua, na nani yuko mkekani karibu na mlango? Mara nyingi ni yatima wa marehemu ndugu yetu. Twasema amezoea. La, hakuzoea, amenyamaza.

Yakobo alimpa Yosefu peke yake kanzu nzuri, na chuki ikaota kati ya ndugu. Watoto wetu nao hujifunza haki, au dhuluma, pale wanapolala.

Basi, godoro likiwa moja, walale kwa zamu. Blanketi likiwa moja, liwafunike wote. Baridi ya Juni haiulizi mtoto ni wa nani. Wala Baba wa mbinguni hatubagui. Amina.