Lishe Bora Isiwe Kifungo

Leo tuko mtaa wa Fedha, hapa Embakasi, na tunamzungumzia mama anayejali lishe mno hadi anakosea.

Tumezoea kuwaonya kuhusu soda, chipsi na mafuta mengi. Onyo hilo halijaondoka. Lakini kuna hatari ya upande wa pili, nayo haisemwi sana.

Hebu tumfikirie mama mmoja wa Fedha. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu. Mama amesikia mafuta ni mabaya, basi mboga anachemsha tu. Mayai na nyama ameacha. Maziwa anayaengua mafuta yote. Ugali wa unga mweupe ni mwiko. Jikoni amebandika orodha, na dada wa kazi ameonywa asimpe mtoto kitu kisichoandikwa. Siku moja unga wa wimbi umekwisha, na mama amekwama kwenye foleni ya magari Outer Ring. Mtoto analia njaa, na ugali na maharagwe yako mezani. Dada anaogopa kumpa.

Mama huyu ana nia njema. Kosa liko wapi? Sheria alizoshika ni za watu wazima, hasa wanaotaka kupunguza uzito. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na anakua haraka. Katika umri huu anahitaji kula mara 3 hadi 4 kwa siku. Anahitaji mafuta ili apate nguvu na ubongo wake ukue. Kabla ya kutimiza miaka 2, asipewe maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Nyama, maini na omena humpa madini ya chuma ya kujenga damu. Mayai humpa protini.

Tena, mtoto anayetishwa kila siku kuhusu chakula hujifunza kukiogopa. Hata watu wazima hupatwa na jambo hili. Mwaka 1997 daktari Steven Bratman wa Marekani aliandika kuhusu watu waliojidhuru kwa kung'ang'ania chakula safi tu. Hali hiyo aliiita othoreksia.

Je, tutupe sheria zote? La. Hizi zishikeni sana:

Miezi 6 ya kwanza, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, hata maji asipewe.

Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Mikono ioshwe kwa sabuni, na maji ya kunywa yawe safi.

Chakula kinachomdhuru mtoto wako, au alichokatazwa na daktari, asipewe.

Mengine yalegeze. Wimbi ukikosekana, ugali ni chakula. Tia kijiko cha mafuta kwenye sukuma wiki. Ponda ndengu, ongeza avokado kutoka kwa mama mboga. Jirani akimwalika mtoto sikukuu ya kuzaliwa, kipande kimoja cha keki hakiharibu lishe ya wiki nzima. Na dada wa kazi mwambie wazi: "Mtoto asikae na njaa kwa sababu ya orodha."

Angalia pia kijitabu cha kliniki. Mstari wa uzito ukilala au ukishuka, usingoje. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akipimwa mkono kwa ule mkanda wa rangi na ukawa chini ya sentimita 12.5, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mama, jioni ya leo isome tena orodha yako ya jikoni. Jiulize: inamlisha mtoto wangu, au inamnyima? Penye kunyima, futa.

Hadi tutakapokutana tena, kwaherini, na watoto wale washibe.